Watu wanane ndani ya gari na karavani nyuma: hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kutoka Nakuru

Baba Watano, Nakuru (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Naandika haya kwa ajili ya mzazi mwenye familia kubwa anayefikiria kuvuta karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Likizo iliyopita nusura niiangamize familia yangu, na kosa lenyewe lilikuwa la hesabu.

Tulitoka Nakuru kwenda Kisumu tukiwa wanane kwenye Prado: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto watano. Nyuma tulivuta karavani ya kuazima. Salgaa tukapita salama, Mau Summit tukapanda polepole, Kericho tukapumzika. Kwenye mteremko wa kushuka kuelekea Kipsitet, basi likatupita kwa kasi. Upepo wake ukaivuta karavani upande wa kulia, kisha ukaiachilia. Mkia ukarudi kushoto, ukaenda kulia tena, safari hii mbali zaidi. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwangu kana kwamba magurudumu ya mbele yameinuliwa kwa jeki. Mama alikuwa safu ya kati, nikamsikia akitaja majina ya wajukuu wake mmoja mmoja kwa sauti ya chini.

Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani bila kuuzungusha, breki sikuigusa. Gari lilipungua mwendo lenyewe, mkia ukatulia, nikasimama pembeni. Hakuna aliyeumia. Lakini sikulala usiku ule, na asubuhi yake nikatafuta mizani.

Mwenye karavani alikuwa ameniambia, "Gari lako linavuta tani tatu, hii haifiki hata mbili." Hakunidanganya. Kitabu cha Prado za aina yangu kinaandika kilo 3,000 kwa trela yenye breki zake, na 750 kwa trela isiyo na breki. Ila namba hiyo haisemi kuna watu wangapi ndani ya gari.

Kuna namba nyingine ambayo wengi hatuitazami: uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba. Unaipata kwa kuchukua uzito wa juu wa gari likiwa limepakiwa, ulioandikwa kwenye kibao au kitabuni, kisha unatoa uzito wa gari likiwa tupu. Langu lilibaki na kilo 610. Hizo 610 ni za watu, mizigo, ndoano yenyewe, na ule uzito ambao shingo ya karavani, yaani mkono wa chuma wa mbele unaofungwa kwenye ndoano, inaulalia mgongo wa gari. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Karavani haivutwi tu, inabebwa pia.

Sasa tuhesabu. Mimi 84, mke wangu 78, mama 65. Watoto, kuanzia kifungua mimba: 52, 44, 36, 27, 16. Jumla 402. Ndoano na vyuma vyake 35. Jeki, spana na zana nyingine 20. Mabegi 60. Friji ndogo na chakula ndani yake 40. Toa vyote kwenye 610, zinabaki kilo 53 tu za kubeba shingo ya karavani.

Karavani ile ikiwa imejaa ilikuwa na kilo 1,600. Ili trela isiyumbe, shingo inatakiwa ilemee gari kwa kama asilimia 10 ya uzito wa trela nzima. Wamarekani huenda kati ya 10 na 15, Ulaya hushuka chini ya hapo kwa sababu trela zao zimeundwa tofauti na mwendo wao na trela ni wa chini. Asilimia 10 ya 1,600 ni 160. Mimi nilikuwa na 53.

Huo ndio mtego wa familia kubwa. Ukipakia karavani inavyotakiwa, unalivunja gari mgongo. Ukiipunguzia shingo uzito ili gari lipone, karavani inaanza kucheza. Mimi niliingia mlango wa pili bila kujua: baiskeli za watoto na madumu manne ya maji ya lita 20 niliyafunga nyuma kabisa ya karavani. Tulipopima Kisumu kwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye mizani ya malori, shingo ilikuwa na kilo 70 tu. Chini ya asilimia 5. Na hata hizo 70 zilikuwa zimezidi 53 zangu.

Niulizeni, nitajibu ninayoyajua. Mafundi na madereva wa muda mrefu, karibuni mtusaidie.

Mama wa Kakamega

Pole sana Baba Watano, na tumshukuru Mungu kwa ajili ya watoto na nyanya yao. Sisi tuko saba, na mume wangu ana HiAce ya viti 14 aliyoitoa kwenye biashara ya matatu. Si hiyo ina nafasi ya kutosha kubeba watu na bado ikavuta? Dada yangu naye ana Noah na anataka tugawane gharama za karavani.

Baba Watano, Nakuru (mwenye uzi)

Asante Mama. HiAce ina faida moja kubwa: iliundwa kubeba watu wengi, kwa hiyo mkiwa saba kwenye gari la watu 14 mnabaki na nafasi ya uzito. Lakini kuna jambo la nyenzo ambalo lazima mzee aliangalie. Kile kichwa cha chuma kinachoshika trela kiko nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, na kadiri kilivyo mbali nayo ndivyo kinavyoiinua pua ya gari.

Chukua Prado yangu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 2.79. Tuseme kichwa kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 160 za shingo hazibaki 160. Ekseli ya nyuma inapokea kama 229, kwa sababu kilo 69 zinanyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele na kuhamia nyuma. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari. Hata zile 70 zangu zilifanya hivyo kwa kiasi chake, na ndiyo sababu mojawapo usukani wangu ulikuwa mwepesi namna ile, huku watoto wawili na mabegi yote yakiwa nyuma kabisa. Gari ambalo mwili wake umerefuka nyuma ya magurudumu hupata shida hii zaidi.

Kuhusu Noah, mwambie dada asikasirike. Magari mengi ya familia yanayoletwa yakiwa yametumika kutoka Japani, kitabu chake hakitaji kabisa uzito wa kuvuta. Ukikuta hivyo, lichukue kuwa gari ambalo halikuundwa kuvuta. Fundi wa kuchomelea atakuwekea ndoano nzuri kabisa, ila hawezi kukuchomelea gia inayostahimili joto la kupanda Kiboswa na tani moja nyuma.

Fundi wa Trela, Kisumu

Mwenye uzi amesema kweli, na mimi naongeza la breki, maana hapo ndipo naona watu wakicheza na roho zao.

Trela inayozidi kilo 750 iwe na breki zake. Nyingi zinazoletwa kutoka Uingereza na zile zinazoundwa hapa hutumia breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inaisukuma shingo, shingo inaingia ndani, waya unavuta breki za magurudumu. Ni rahisi, hazihitaji umeme. Shida yake ni mteremko mrefu. Gari linaposhuka likizuiwa na gia, trela inalisukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinakamata muda wote. Zinapata moto, zinaanza kunuka, kisha zinalegea. Za umeme zina kisanduku kwa dereva, na ubora wake ni kwamba trela ikianza kuyumba unaweza kukamata breki zake peke yake kwa mkono, ikanyooka nyuma yako.

Mteja aliniletea karavani iliyokaa uani miaka minne. Nje imeoshwa, inang'aa. Nikafungua ngoma ya gurudumu la kushoto: grisi imekuwa kama udongo mkavu, viatu vya breki vimeng'oka kwenye chuma, na bearingi zina kutu. Alikuwa anataka kuondoka Ijumaa na watoto. Nilikataa kumrudishia hadi tubadilishe vyote.

Tairi nazo msizitazame meno tu. Tairi ya trela huzeeka kwa jua kabla ya kuisha meno. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pia kuna namba ya mzigo: 91 inabeba kilo 615, 100 inabeba kilo 800. Zidisha kwa idadi ya tairi uone kama inatosha trela ikijaa. Za mtumba kwenye karavani ya familia mimi sizifungi.

La mwisho: kichwa cha chuma na kikombe kinachokifunika viwe vya kipimo kimoja. Kipimo kimepigwa mhuri juu ya vyote viwili. Kikombe cha milimita 50 kwenye kichwa kidogo zaidi kitafunga, utaondoka, na kitaruka kwenye tuta la kwanza. Minyororo ya usalama muipishanishe chini ya shingo ili trela ikichomoka, shingo iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Na waya wa kukamata breki za dharura ufungwe kwenye gari, usiuzungushe kwenye minyororo.

Kijana wa Eldoret

Shikamooni wazee. Samahani kwa swali la moja kwa moja. Kama tatizo ni uzito wa watu ndani ya gari, kwa nini vijana wawili wakubwa wasipande kwenye karavani yenyewe? Kuna vitanda na viti mle.

Baba Watano, Nakuru (mwenye uzi)

Marahaba. Umeuliza vizuri, maana hata mimi binamu yangu alinishauri hivyo, na najua kuna wanaofanya.

Hapana. Hata kwa kilomita moja, hata barabara ikiwa tupu. Ndani ya karavani hakuna mkanda wa kusafiria, na kuta zake ni mbao nyembamba na bati. Siku ile mkia ulipoyumba, niliporudi kufungua mlango nilikuta kabati limefunguka, sufuria zote ziko upande mmoja, na mtungi wa gesi wa kilo 13 umekatika kamba na umelalia kitanda cha chini. Kitanda hicho ndicho ambacho kifungua mimba wangu alikuwa ameniomba alale tukiwa njiani.

Kila mtu akae kwenye kiti chenye mkanda wake, na mdogo kwenye kiti cha mtoto. Viti vikiisha, tafuteni gari la pili. Kwa familia ya watu tisa kwenda juu ningesema wazi: magari mawili, moja likibeba watu wengi, jingine likivuta likiwa na watu watatu au wanne. Mafuta yatapanda, ndiyo, lakini hesabu inakaa sawa.

Dereva Mstaafu, Kericho

Nimeendesha malori barabara hii tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nyinyi mnaoanza na trela za mapumziko mnisikilize kuhusu milima yetu.

Nakuru iko kama mita 1,850. Mau Summit mnafika karibu 2,500. Kericho mko kama 2,000, kisha mnateremka hadi Kisumu, kama mita 1,130 hivi. Mlima huo unakula injini mnapopanda na breki mnapotelemka. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mkipanda mita 300. Pale Mau Summit robo ya nguvu imeondoka na hewa nyembamba. Kwa hiyo gari ambalo Kisumu linavuta bila kulalamika, huko juu litaomba gia ya pili. Tazameni mshale wa joto. Mshale huo ukianza kupanda, ondoka barabarani mapema, injini iendelee kunguruma taratibu hadi ipoe.

Kushuka ndiko kunakoua. Kutoka Mau Summit hadi Sachangwan na Salgaa mnakuta ishara za onyo, na ukuta wa zege wa katikati uliojengwa mwaka 2018 baada ya watu wengi kufa. Ukuta ule unazuia magari kugongana uso kwa uso, haupoozi breki za mtu. Na makutano ya Londiani sote tunayakumbuka, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowafuata watu na wachuuzi pembeni mwa barabara na zaidi ya 50 wakafariki. Mimi nikipita pale huwa nazima redio.

Punguzeni gia kabla ya mteremko kuanza, siyo mkiwa katikati. Mguu usilale kwenye breki. Kanyaga kwa nguvu ya kutosha, punguza mwendo, achia kabisa, acha ngoma zipoe, rudia. Kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare zinatosha, kwenye mteremko chini ya hapo sana. Foleni ikijaa nyuma yenu, tafuteni pa kupisha, msishindane na mtu. Na mkisimama, shukeni mguse katikati ya kila gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Likiwaunguza, msiondoke hapo.

Mkia ukianza kucheza, fanyeni kama alivyofanya Baba Watano. Kukanyaga breki kwa hofu kunaikunja trela, na kuongeza mafuta ili eti inyooke ni kuichochea.

Mama wa Kakamega

Mzee, ubarikiwe. Nimemsomea mume wangu yote haya kwa sauti. Sasa Baba Watano, umeamua nini? Umeacha kabisa? Na hiyo shingo mtu wa kawaida anaipimaje? Sisi huku hatuna mizani ya malori.

Baba Watano, Nakuru (mwenye uzi)

Sijaacha, Mama. Watoto wanataka kulala kando ya Ziwa Baringo na mama yangu anataka kuuona msitu wa Kakamega kwenu.

Nimeuziwa karavani ndogo, iliyojaa haitazidi kilo 1,000. Sisi sote wanane hatulali ndani: mama, mke wangu na wadogo wawili vitandani, wengine kwenye hema. Mabegi na friji nimevitoa kwenye gari nikaviweka kwenye karavani, sakafuni, juu ya ekseli. Kilo 100 zikihamia pale, gari linapumua, na shingo haiongezeki sana kwa sababu ekseli ndiyo inayozibeba. Hesabu mpya: 610, toa watu 402, toa ndoano 35, toa zana 20, zinabaki 153. Shingo ya karavani ya kilo 1,000 ni kama 100. Zinabaki 53 za akiba. Jumla ya gari na trela vikiwa vimefungwa pamoja nayo nimeilinganisha na kikomo cha kitabu, iko chini kabisa.

Maji tunajaza tukifika. Tangi la lita 80 ni kilo 80, karibu gunia zima la mahindi, la nini kulipandisha mlima?

Kuhusu kupima, huhitaji mizani ya malori kwa shingo. Nendeni kwenye poshomili au kwa anayenunua mahindi, penye ile mizani ya kukanyagia inayopima magunia ya kilo 90. Trela iwe imepakiwa kama mnavyosafiri na imesimama mahali tambarare. Wekeni mawe magurudumuni kwanza, ndipo muitenganishe na gari. Wekeni ubao juu ya mizani, kisha kipande cha mti chini ya kikombe, kiasi kwamba shingo ibaki kwenye kimo kile kile inachokuwa ikiwa imefungwa kwenye gari. Someni, kisha mtoe uzito wa ubao na mti. Halafu tazameni kibao cha ndoano, maana nacho kina kikomo chake. Changu kinaruhusu 150.

Makaratasi pia msiyasahau. Karavani husajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kupewa namba yake yenyewe inayoanza na Z, haitembelei namba ya gari. Ulizeni huko huko kama daraja la leseni ya mzee linaruhusu kuvuta trela ya uzito huo. Na kampuni ya bima iwaandikie kwamba inajua mnavuta. Jibu la simu halitoshi.

Fundi wa Trela, Kisumu

Kabla ya kuondoka, Baba, pima kwanza hiyo ndogo. Usiamini kwamba ndogo ni salama. Ndogo iliyopakiwa vibaya inayumba haraka kuliko kubwa, maana ni fupi.

Baba Watano, Nakuru (mwenye uzi)

Fundi, nimekusikia. Tumepima leo asubuhi, poshomili iliyo karibu na kwetu. Mwenye kinu alisimamisha kazi dakika kumi kwa ajili yetu na hakutaka malipo.

Uzito wote tulikuwa tumeupima jana kwenye mizani ya malori: 980. Shingo, mara ya kwanza: 61. Nilishtuka, maana kwa macho ilikaa vizuri kabisa. Tukafungua mlango wa nyuma, tukakuta watoto wamepanga viti vyote vya kukunja na sanduku la vyombo nyuma ya kitanda. Tukavihamisha mbele ya ekseli, mtungi wa gesi tukaufunga kwenye sanduku lake shingoni, ukiwa umefungwa valvu. Tukapima tena, 88. Tukasogeza friji hatua moja mbele. Mama aliinama na miwani yake, akafuta vumbi la unga kwenye kioo cha mizani, akasoma kwa sauti: tisini na nane.

Tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla mabasi hayajawa mengi. Kutoka hapa hadi Baringo barabara inashuka, kwa hiyo mkono wangu utakuwa kwenye magurudumu yale kila tukisimama. Nitarudi kuwaambia jinsi yalivyokuwa.